Gidi na Waya wa Kiberiti

Kabla ya kupiga hodi kwenye nyumba ya mtu, Gidi alitoa spoku ya baiskeli mfukoni, akabana njiti ya kiberiti kwenye ncha yake iliyopindwa, akaiwasha, kisha akaishusha taratibu mpaka karibu na sakafu ya mlangoni. Hakuinama. Alisimama wima kama mtu anayevua samaki, akiutazama ule moto mdogo. Ukiendelea kuwaka, aliita hodi. Ukizimwa na upepo alisema, "Huu ni upepo tu," akawasha njiti nyingine, na mwenye nyumba akaendelea kungoja na nsima yake, ugali wa Malawi, ikipoa.

Gidi halikuwa jina lake. Ni neno la Kifaransa la mtu anayetembeza wageni, nasi wa Kivu, mashariki ya Kongo, tulilitamka hivyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kila mtu alimwita Papa Gidi. Ninaandika habari zake kwa sababu wachache wanaomkumbuka wanamkumbuka kama mwongo, na mtu pekee anayejua kwamba sivyo ni mimi. Nilijua tangu wakati ule, nikanyamaza.

Sharti nieleze habari ya kiberiti. Upande wa Goma, kwenye milima ya moto, kuna hewa mbaya inayotoka ardhini. Watu wa kule wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, kwa hiyo hukaa mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Mbuzi anashuka kula majani, anapiga magoti, hainuki tena. Mtu mzima anaweza kupita salama kwa sababu pua yake iko juu, lakini akiinama kuokota kitu, amekwisha. Moto nao hauwaki ndani yake. Gidi alikuwa ameishi na mazuku tangu utoto, na alipokimbia nchi aliacha kila kitu isipokuwa tabia za kuikwepa.

Hakufunga kamba za viatu chini. Aliinua mguu juu ya jiwe au juu ya tofali la jirani. Kitu kikianguka alikiokota kwa kuchuchumaa huku uso ameuelekeza mbinguni na pumzi ameibana. Alikuwa na huruma kubwa na mbwa. "Mbwa njo anakufa wa kwanza," alisema, maana kwetu "njo" ni "ndiyo". "Pua yake iko chini." Akiona mtoto anataka kuvuka mtaro ulio karibu na kisima cha pampu, alimbeba mabegani mpaka ng'ambo, hata kama mtoto analia kwamba anataka kutembea mwenyewe.

Watu walimcheka. Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara Mwislamu wa Kindu aliyeuza chumvi na sabuni mbele ya nyumba yake, alimpigia kelele kila asubuhi: "Papa Gidi! Kuya upime na hizi sabuni zangu kama zingali zinapumua!"

"Sabuni yako ilikufa zamani, Hadji. Haitoi hata povu."

"Basi pima mi mwenyewe!"

"Weye nikupime na nini? Mdomo wako unazima hata taa."

Wakacheka wote wawili. Lakini niliona kwamba yule Hadji alipohamia nyumba ya chini, karibu na majengo ya zamani, alimwomba Gidi aje na waya wake kwanza, tena asubuhi mapema, watu wasimwone.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Majengo ya wafungwa yalikuwa bado yamesimama, na baadhi yetu tulipofika tulipewa nafasi humo. Siku moja nilimkuta Gidi mbele ya chumba kimoja kisichokuwa na mtu. Njiti ilikuwa inawaka vizuri karibu na sakafu, moto umesimama wima bila kutikisika. Ikaungua mpaka mwisho. Gidi hakuingia.

"Si imewaka?" nikamwuliza.

"Imewaka. Moto unakubali. Mi sikubali."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Wenyeji waliotuuzia mahindi nao hawakupenda kupita upande ule jua likianza kushuka.

Mimi nilimfahamu kabla ya Dzaleka. Tulipooana, mke wangu na mimi tulipanda meli ya abiria kutoka Bukavu mpaka Goma, kwa sababu watu walikuwa wakisifu kilima kimoja karibu na mji, ambacho ukisimama juu yake unaona dunia yote. Kilikuwa kilima cha majivu na kokoto zilizotapikwa na volkano miaka mingi sana iliyopita, cha duara, chenye shimo kubwa katikati kama bakuli. Kokoto zake ni nyeusi na nyekundu, nyepesi, zenye matundu kama mkate. Unapanda hatua moja, unateleza nusu. Chini ya viatu zinalia kama vyungu vinavyovunjika. Na zaidi ya sauti hiyo hakuna nyingine. Sikusikia ndege hata mmoja.

Gidi ndiye aliyetupandisha, yeye na kofia yake ya sufu. Tulipokaribia kileleni alitugeuza tukatazama tulikotoka, akatupandisha kinyumenyume huku ametushika mabega.

"Mgongo kwanza, macho baadaye," alisema. "Bwana arusi, usiibe! Ukitazama mbele mi sijasema, utaona nusu tu, nusu ingine haitakuya tena."

Mke wangu alikuwa anacheka. Mimi niliona aibu kidogo. Kisha tukasimama, upepo ukatupiga, naye akasema neno moja: "Geukeni."

Sijaona tena kitu kama kile. Ziwa lilikuwa limelala upande mmoja kama bati jipya. Upande wa pili uwanda wa mawe meusi yaliyokuwa moto zamani, na migomba iliyooteshwa katikati yake, na paa za mji. Nyuma ya vyote ule mlima mkubwa wenyewe, na moshi wake umenyooka. Gidi hakuonyesha kwa kidole. Alisimama nyuma yetu akataja kila kitu kwa sauti ndogo, moshi wa nyumba hii, moshi wa nyumba ile, kama mtu anayeita watu kwa majina. Alisema kwake nyumba hai ni nyumba yenye moshi.

Tulipokuwa tunashuka, upepo ulimvua mke wangu kitambaa cha kichwa, cha manjano, alichopewa na mama yake siku ya arusi. Kikatua ndani ya shimo dogo kando ya njia, si mbali, ningeweza kukifikia kwa hatua chache. Nikashuka. Gidi alinivuta kwa ukosi wa shati nusura aninyonge. Akatoa ule waya, akawasha njiti, akaushusha. Moto ulipofika usawa wa magoti yetu ulizimika. Hapakuwa na upepo mle. Ulizimika kama vile mtu ameufinya kwa vidole. Ndipo nilipoona kunguru wawili karibu na kitambaa, wamelala ubavu kwa ubavu, manyoya yao bado mazuri, kana kwamba mtu amewapanga.

"Kitambaa iko pale, itakaa pale," Gidi akasema. "Hata mwizi hataichukua."

"Mama ataniuliza," mke wangu akasema. Alicheka, kisha akalia.

Tangu siku hiyo Gidi alituita bwana arusi na bibi arusi. Miaka ilipita, tukapoteza duka letu Bukavu kwa sababu ya askari, tukafika Malawi na mfuko mmoja, na mtu wa kwanza kuniita kwenye foleni ya maji Dzaleka alisema, "Bwana arusi! Na bibi arusi iko wapi?" Mke wangu alimkumbatia pale pale, ndoo zikamwagika.

Usidhani alikuwa mtu asiyekosea. Yeye aliyejua kila njia ya mlima wa moto alipotea Lilongwe kila alipokwenda. Hakuweza kuelewa namna walivyotia mitaa namba. "Nilitoka Area 47," alitueleza siku moja, amechoka kabisa, "nikasema nikienda mbele nitafika 48. Nilikuta vingine kabisa! Nikauliza, banasema 49 iko kule, banaonyesha nyuma yangu! Nani alihesabu huu mji? Alikuwa analewa?" Alikuwa pia na kiburi. Hakukubali kamwe kwamba macho yake yanaharibika, ingawa yalikuwa yameingia weupe kama chai iliyotiwa maziwa, na mara nyingine alimwamkia mti.

Jumapili baada ya ibada alianza kuwapandisha watu kilima kilichoko nyuma ya kambi. Si kilima cha moto. Ni mawe na nyasi, na ukiwa juu unaona mashamba ya mahindi ya Dowa na vumbi la barabara. Gidi mwenyewe alipofika mara ya kwanza alichota udongo, akausugua kiganjani, akasema, "Huu haujaungua." Hata hivyo alifanya kama kule kwetu. Aliwapandisha watu kinyumenyume, akashika bega la mmoja wao, akasema "Geukeni." Wakageuka. Naye akaanza kutaja vya kwetu kwa sauti ile ndogo: ziwa hili hapa, kisiwa kile, barabara ya sokoni, na moshi, moshi, moshi. Wanawake walisimama wametulia, nguo zao zinapepea. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Kisha nikatazama nyuso zao. Macho yao yalikuwa yanafuata kitu kinachopita mbali, wote kwa pamoja, kutoka kushoto kwenda kulia, na mbele yao hapakuwa na kitu ila mahindi. Sikucheka.

Mke wangu alipanda kila Jumapili. Hatukujaliwa mtoto, mama yake ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na alikuwa peke yake Bukavu. Alirudi kutoka kilimani amechangamka. "Leo mama anachemsha maharagwe," aliniambia. Jumapili nyingine: "Moshi ya mama ni kidogo. Kuni iko na maji." Alisema hivyo huku anakatakata nyanya, kama mtu aliyetoka kuamkia jirani. Halafu siku moja akasema anarudi nyumbani. Kulikuwa na wanawake wanaosafiri kupitia Tanzania, angefuatana nao. Angemchukua mama yake, wangekuja wote wawili.

Nilimwambia njia ni mbaya, askari wananifahamu, watamfahamu na yeye. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kilichonikosesha usingizi kilikuwa kingine: niliamini kwamba akifika hatarudi. Hapakuwa na kitu cha kumrudisha kwangu.

Nikamwendea Gidi. Alikuwa amekaa juu ya mafiga mawili, kwa sababu hakukaa chini kamwe.

"Papa, Jumapili mwambie kwa mama yake hakuna moshi."

Aligeuza uso kwangu. "Unataka nimwambie mama yake amekufa?"

"Sema hakuna moshi tu. Basi."

"Bwana arusi, mi ni gidi. Baturiste, bale bageni bangu, waliniomba niseme simba iko wakati simba hapana. Nilikataa. Gidi akisema kintu hakioni, siku ingine anapeleka mtu mu shimo."

"Akienda atakufa njiani. Utaibeba wewe hiyo?"

Alikuwa anampenda mke wangu kama binti yake, nami nilijua nimemshika pale panapouma. Jumapili nilipanda nao kwa mara ya pili maishani. Nilisimama nyuma kabisa. Gidi akasema "Geukeni," akaanza kutaja, na alipofika nyumba ya mama mkwe wangu alinyamaza. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilidhani anajilazimisha kusema uongo.

"Bibi arusi," akasema mwishowe. "Kwa mama hakuna moshi."

Mke wangu hakupiga kelele. Aliketi kwenye nyasi. Tulikaa matanga, Hadji akaleta sukari, watu wa kanisa wakaimba. Hakusema tena habari ya kurudi. Nami nilikula chakula cha matanga ya mtu ambaye sikujua kama amekufa.

Mwaka uliofuata alifika kambini mama mmoja kutoka mtaa wetu wa Bukavu. Aliingia kwetu, akamkuta mke wangu, wakashikana. Mke wangu akamshukuru kwa kumzika mama. Yule mgeni akamtazama.

"Kuzika? Mama yako tulimzika juzi juzi, mvua ilikuwa imeanza. Ule mwaka wote alikuwa muzima. Alikuwa anakungoja."

Kisha akatueleza, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Mama alikuwa ameacha kupika. Hakuwasha moto tena; alikula kwao, kwa majirani. Kila jioni alikaa mlangoni, kichwa wazi, mlango wazi, giza limejaa ndani ya nyumba nyuma yake. Akiulizwa kwa nini hafungi, alisema binti yake hana ufunguo.

Mke wangu alitoka nje. Alimkuta Gidi karibu na pampu, katikati ya watu, akamwita mwongo. Alimwuliza amelipwa nini. Alimwambia amemwua mama yake mara ya kwanza kwa mdomo, na mara ya pili kwa kumnyima mtoto wake. Watu wakakusanyika. Waliokuwa wakipanda naye kilima ndio waliokuwa na hasira kuliko wote. Mmoja alimsukuma, kofia yake ikaanguka kwenye tope. Nilikuwa nimesimama hapo. Gidi alinitazama kwa yale macho yenye maziwa, akangoja. Nikatazama ndoo.

Hakunitaja. Alichuchumaa, uso juu, pumzi ameibana, akapapasa tope mpaka akaipata kofia. Jumapili hiyo hakuna aliyepanda. Baada ya siku chache nyumba yake ilikuwa tupu, na Hadji, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliutazama ule mlango asiseme kitu.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa nimekwenda Lilongwe kutafuta uzi wa cherehani katika soko la Tsoka. Ilikuwa mchana, joto kali, watu wamesongamana. Kwenye kona moja mzee alikuwa amekaa juu ya kreti za soda zilizopandana, na ubao magotini wenye viberiti vilivyopangwa vizuri. Nilimpita. Alikuwa kipofu kabisa sasa.

"Zikomo, bwana arusi," akanisalimu kwa Kichewa.

Nikasimama. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Papa, umenijuaje?"

"Unapumua kama mtu ambaye anapita juu ya shimo." Akacheka kidogo. "Njo unapumua vile tangu ile Jumapili. Bibi arusi ni muzima?"

"Ni mzima. Papa, nimekuja..." Sikuwa nimekuja kwa ajili yake, naye alijua. "Nilikufanya useme uongo. Kisha nikakuacha."

"Uliniacha, ndiyo. Ile iko yako." Alipapasa viberiti vyake, akavinyoosha ingawa vilikuwa vimenyooka. "Lakini uongo, hapana. Sikiliza. Mi juu ya kile kilima sikuwa naona kintu. Hata siku moja. Macho yalikuwa yameshaisha. Nilikuwa nasema yale niliyajua: ziwa halihami, barabara haihami, bantu banapika. Wake zenu walikuwa wanaona wenyewe. Mi hapana."

"Sasa, ile siku?"

"Ile siku njo niliona."

Kelele za soko zikaendelea, lakini nilizisikia kwa mbali.

"Nilitaka kusema uongo wako haraka, niishe. Nyumba ikakuya mbele yangu kama hivi." Aliweka kiganja karibu na uso wake. "Hakuna moshi. Jiko iko baridi. Mlango wazi. Na muzee mwanamuke amekaa mu mlango, kichwa wazi, anaangalia njia. Ananiangalia mi. Nyuma yake giza."

Nilishika nguzo ya kibanda. Maneno ya yule mgeni tuliyasikia sisi wawili, mlango umefungwa. Mke wangu pale kwenye pampu hakuyasema. Mimi sikumwambia mtu.

"Kwa nini hukusema alikuwa pale?"

"Uliniomba moshi. Nikasema moshi. Mama sikusema." Akaushika ubao wake kwa mikono miwili. "Gidi anaona mtu, anamuacha mu shimo. Ile nayo iko yangu. Ungali unataka niichukue na yako?"

Niliiachia nguzo. Alitoa ile spoku ya baiskeli mfukoni, yenye ncha nyeusi kwa moshi wa miaka yote, akaiweka mkononi mwangu pamoja na kiberiti kipya.

"Mpelekee bibi arusi. Mwambie mama alikuwa mlangoni. Sasa simama. Mgongo kwanza."

Nilimpa mgongo katikati ya soko lile, mtu mzima na uzi wangu chini ya kwapa. Wapita njia walinitazama.

"Geuka," akasema, "uende."

Nilifika Dzaleka jua bado lipo. Mke wangu alikuwa jikoni, nikamwita, nikasimama mlangoni nikamwambia yote hapo hapo, tangu mafiga mawili mpaka kreti za soda. Nilipomaliza aliomba ule waya. Akabana njiti, akaiwasha, akaishusha mbele yangu mpaka karibu na viatu vyangu. Hakuinama. Tuliutazama moto wote wawili. Uliwaka vizuri, umetulia, ukala njiti yote mpaka ukafika kwenye chuma.

"Unaona," akasema. "Hapa hakuna mazuku. Njo weye tu."

Akaingia ndani, akamwagia jiko maji, akakiacha chakula nusu mbichi. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akaufungua mlango mpaka mwisho, akakaa kizingitini akitazama njia. Ilibidi nizunguke nyuma ya nyumba nipate pa kuingilia.